Kabla Hujalipia Fremu: Namna ya Kuamua Kama Ufungue Duka Dogo la Nyuzi za Kufuma na Kudarizi

Mtu akiwa mfumaji mzuri, haupiti muda mrefu kabla ya jamaa zake kumwambia kwamba angefungua duka. Huambiwa hivyo anapokabidhi blanketi la mtoto mchanga, huambiwa kwenye shughuli za arusi, na huambiwa tena siku anapolalamika kwamba ameuzunguka mji mzima wa Morogoro akitafuta uzi wa rangi ya krimu asiupate. Mimi niliambiwa hivyo nikakubali haraka kuliko ilivyopasa. Fremu yangu ya kwanza, yaani chumba cha duka nilichopanga, niliirudisha kwa mwenyewe baada ya miezi kumi na mmoja, nikiwa na masanduku manne ya nyuzi zilizokosa mnunuzi pamoja na deni kwa mtu aliyeniamini. Duka nililo nalo sasa ni la pili, na nililifungua kwa mtaji mdogo kuliko wa kwanza, lakini safari hii nilikaa na daftari kwa miezi minne kabla ya kutoa shilingi moja ya pango.

Ninayoyaeleza hapa ni yale niliyoyafanya katika miezi hiyo minne. Nimeyaandika kwa ajili ya mtu anayependa kufuma au kudarizi na anayefikiria duka dogo la vifaa vya kazi hiyo, ingawa anayefikiria kuuza shanga, rangi za kuchorea au vifaa vya kuvulia samaki kwa wanaovua kwa kujifurahisha ataona kwamba hesabu hazitofautiani sana. Mifano ya fedha ninayoitoa ni ya kufanyia hesabu tu. Weka bei za mji wako mahali pa bei zangu.

Hatua ya kwanza: jihoji kama unapenda kuuza

Kufuma na kuuza uzi ni kazi mbili. Anayefuma hukaa na mawazo yake, huchagua rangi aipendayo, na akikosea hufumua akaanza upya bila mtu kumharakisha. Anayeuza uzi hukatizwa kila mara, huuza rangi asizozipenda, na aghalabu hushinda siku nzima bila kumaliza hata safu mbili za kazi yake mwenyewe. Ikiwa unachotaka hasa ni muda zaidi wa kufuma, duka halitakupa muda huo, na ni bora ulijue jambo hili mapema.

Yapo pia mambo ya mteja wa aina hii ambayo muuza sukari na sabuni hakutani nayo. Mteja wa nyuzi anaweza kukaa nusu saa kwa ajili ya donge moja la uzi. Huja na picha kwenye simu, huuliza kama uzi ule utafaa kwa sindano aliyo nayo nyumbani, huomba umwoneshe namna ya kuanza duara, na pengine huondoka akisema atarudi mwisho wa mwezi. Anayempokea mtu huyo kwa uso uliokunjamana humpoteza yeye na rafiki zake watatu. Jiulize kwa unyofu kama unaweza kufundisha jambo lilelile la kuanzia mara sita kwa siku, kwa mtu wa sita kama ulivyofanya kwa mtu wa kwanza. Mimi nilipofungua mara ya kwanza sikuweza, na nilidhani kosa ni la wateja.

Swali jingine linaumiza zaidi. Je, utaweza kumuuzia mtu donge la mwisho la rangi uliyokuwa ukiitamani kwa ajili ya kazi yako? Katika duka la kwanza nilijichukulia nyuzi bila kuandika, kwa hoja kwamba mali ni yangu. Siku nilipokaa chini kuhesabu, nilikuta nimefuma mitandio miwili, mkoba mmoja na mifuko ya mito minne kwa mtaji wa duka. Tangu sasa, kabla hata hujafungua, zoea kuandika kila uzi unaoutumia pamoja na bei yake, kana kwamba umeununua kwa mtu mwingine.

Hatua ya pili: ijue mali yenyewe

Bidhaa za duka la namna hii ziko za aina mbili, na kuzichanganya ndiko kunakozamisha mitaji. Ziko zinazokwisha zikitumika, kama nyuzi, na ziko zinazodumu, kama sindano, krosheti (zile sindano zenye ndoano), mikasi, fremu za kudarizia na vitabu vya mitindo. Mfumaji akishanunua krosheti ya milimita 4 anaweza kuitumia kwa miaka kumi. Mteja huyohuyo akianza blanketi dogo la mtoto mchanga atahitaji takriban gramu 400 za uzi, yaani madonge manne ya gramu 100, na akilimaliza ataanza jingine. Vifaa vinavyodumu huwa na faida nzuri kwa kipande kimoja na hupendeza ukutani, ndiyo maana anayeanza huvutiwa navyo akajaza rafu, lakini kinacholipa pango mwezi baada ya mwezi ni kile kinachokwisha.

Upande wa nyuzi nako kuna mtego wake, nao ni rangi. Chukua mfano wa nyuzi za kudarizia za kampuni ya Kifaransa DMC, ambazo hupimwa kwa kishada cha mita 8 chenye nyuzi sita zilizokaa pamoja. Kampuni hiyo huzitoa katika rangi 500. Duka linalotaka kuwa na kila rangi, kwa vishada vitatu tu vya kila moja, litahitaji vishada 1,500 kabla mteja wa kwanza hajaingia, na sehemu kubwa ya vishada hivyo itakaa mwaka mzima bila kuguswa. Duka dogo haliwezi kushindana kwa wingi wa rangi, na halina haja ya kujaribu. Kwangu, nyeupe, krimu, nyeusi, nyekundu, samawati nyepesi na waridi ya watoto ndizo zinazotembea, yaani zinazouzika haraka. Rangi za kupendeza zaidi, zile zambarau za kukoza na kijani cha bahari ambazo mimi mwenyewe huzishika kwanza nikifika kwa muuzaji wa jumla, ndizo zilizojaa kwenye yale masanduku manne.

Nitakaa kidogo kwenye jambo moja ambalo wengi hulijua baada ya hasara. Kiwandani nyuzi hutiwa rangi kwa mikupuo, na mkupuo mmoja hautoki sawa kabisa na mwingine hata kama jina la rangi ni lilelile. Karatasi inayozunguka donge huwa na namba mbili, moja ya rangi na nyingine ya mkupuo. Mwaka wangu wa kwanza alikuja mama mmoja aliyekuwa amefikia katikati ya shali la harusi ya binti yake, akihitaji madonge matatu ya krimu ileile niliyomuuzia wiki tatu nyuma. Nilimpa nikiwa na hakika, kwa kuwa chini ya taa ya dukani zilikuwa sawa. Hakulipa. Alitoka na donge moja hadi mlangoni, akalilaza juu ya shali kwenye mwanga wa jua, akaniita bila kusema neno, na pale mlangoni hata mimi niliona: krimu yangu mpya ilikuwa na ukijani kidogo, na mstari wa kiungo ungeonekana kwa kila aliyekaa safu ya mbele. Tangu siku hiyo sinunui rangi yoyote inayotembea pungufu ya madonge kumi ya mkupuo mmoja, na mteja anayeanza kazi kubwa namshauri achukue yote kwa pamoja au nimwekee kwa jina lake kwa muda tuliokubaliana. Katika kuamua kama ufungue duka, maana yake ni hii: rangi moja si donge moja bali ni kumi, na bajeti ya mali izidishwe hivyo.

Zingatia pia hali ya hewa na wadudu. Sufu halisi huliwa na nondo, ilhali akriliki hailiwi. Pamba hupauka ikikaa kwenye dirisha linalopigwa na jua. Na ukiwa karibu na bahari, sindano za chuma cha bei rahisi hushika kutu zikiwa bado kwenye pakiti. Bei ya hasara hizi nayo ni sehemu ya gharama.

Hatua ya tatu: geuza gharama ziwe idadi ya watu

Hapa ndipo uamuzi wenyewe ulipo. Watu wengi huhesabu mtaji wa kufungulia duka wakasahau kuhesabu wanunuzi wa kuliweka hai.

Tuchukue fremu ya shilingi 200,000 kwa mwezi. Ongeza umeme shilingi 25,000, usafi na taka 10,000, ulinzi 20,000, mifuko na vocha 20,000, nauli ya kufuata mzigo 60,000, na shilingi 40,000 kama fungu la kila mwezi la leseni na kodi ya serikali. Kisha weka malipo ya anayekaa dukani, hata kama ni wewe, shilingi 225,000. Jumla ni shilingi 600,000 kwa mwezi. Usikubali kuyafuta malipo yako kwa hoja kwamba duka ni lako, kwa sababu siku utakapougua au utakapokwenda msibani itakubidi umlipe mtu, na duka lisiloweza kumlipa mtu wake linaishi kwa kula muda wako bure.

Sasa angalia faida. Uzi unaoununua kwa shilingi 2,100 ukauuza kwa 3,000 unakuachia 900, yaani asilimia 30 ya bei ya kuuzia. Ili asilimia 30 izae shilingi 600,000, mauzo ya mwezi yanapaswa kuwa shilingi 2,000,000. Ukifungua siku 26 kwa mwezi, hiyo ni karibu shilingi 77,000 kila siku, na ikiwa mteja wa kawaida huacha shilingi 9,000, basi unahitaji wanunuzi wasiopungua tisa kwa siku, au manunuzi 222 kwa mwezi. Mfumaji mwenye bidii anayerudi mara mbili kwa mwezi ni wa thamani kubwa. Hata hivyo, kama wote wangekuwa wa namna hiyo, ungehitaji watu 111. Na kama kila mmoja huja mara moja tu kwa mwezi, unahitaji watu 222.

Chukua karatasi uandike majina ya watu unaowajua katika mji wako wanaofuma au kudarizi na wanaonunua uzi kwa fedha zao. Usiandike wanaosifu kazi yako, wala wanaosema kwamba wangependa kujifunza siku moja. Nilipofanya zoezi hili nilifika jina la thelathini na nne kwa shida, na usingizi ukanipaa, kwa kuwa nilielewa ghafla kilichotokea kwenye duka la kwanza. Huduma ilikuwa na kasoro zake, rangi zilichaguliwa vibaya, lakini hata kama kila kitu kingekuwa sawa, watu wa kulilisha duka lile kwa pango lile hawakuwapo.

Kumbuka pia kwamba mteja ana njia nyingine. Tangu treni ya SGR ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, safari imekuwa ya chini ya saa mbili, na mimi naweza kwenda soko la Kariakoo, Dar es Salaam, asubuhi nikarudi jioni na mzigo wangu. Mteja wangu naye anaweza. Mwenye oda kubwa ya vitambaa vya makochi atakwenda mwenyewe kununua kwa bei ya jumla, kwa hiyo usimhesabu miongoni mwa watu wako wa kila mwezi. Anayebaki ni yule anayehitaji donge moja leo, anayehitaji kuonyeshwa, na anayehitaji mtu wa kumwambia kwamba amekosea safu ya nne.

Hatua ya nne: jaribu siku 90 bila fremu

Kama orodha yako ya majina ni fupi, bado usikate tamaa wala usifungue, jaribu kwanza. Nunua mali kidogo, rangi sita zinazotembea, madonge kumi ya kila moja, na krosheti za ukubwa mbili au tatu. Tafuta duka lililopo tayari ambalo wateja wake wanakaribiana na wako, kwa mfano duka la vifungo, zipu na nyuzi za cherehani, au fundi cherehani mwenye nafasi ukutani, umwombe rafu moja kwa mali kauli: yeye anauza, wewe unachukua fedha yako baada ya mauzo, naye anabaki na sehemu mliyoafikiana. Andikeni makubaliano hata kama mnafahamiana tangu utotoni, mkieleza idadi ya madonge yaliyoingia, siku ya kuhesabu, na nani anabeba hasara ya kilichopotea. Mimi niliomba rafu kwa fundi mmoja jirani na Soko Kuu la Chifu Kingalu, na siku yetu ya kuhesabu ilikuwa Jumamosi saa kumi jioni bila kukosa.

Wakati huohuo uza kwa simu. Weka picha kwenye status ya WhatsApp, pokea malipo kwa lipa namba ili kila shilingi ionekane kwenye taarifa, na mtume bodaboda kwa nauli ya mteja. Tahadhari moja kuhusu picha: piga kwenye kivuli chenye mwanga wa mchana, na usiguse rangi kwa programu yoyote, kwa sababu mteja wa nyuzi akitumiwa rangi tofauti na aliyoiona hana sababu ya kukuamini tena.

Kinachofanya siku hizi 90 ziwe na maana ni daftari. Kila siku andika mambo manne: nani amenunua, amenunua nini, ni mara yake ya ngapi, na nani ameuliza kitu akakikosa. Safu ya mwisho ina thamani kubwa kuliko unavyodhani. Nilipoipitia yangu niliona kwamba watu kumi na tisa waliulizia uzi mwembamba wa pamba, wengi wao wanafunzi wa vyuo vikuu vya SUA na Mzumbe waliokuwa wakifuma mikoba na kofia za kuuza kwa wenzao, ilhali mimi nilikuwa nimejaza akriliki nene ya mablanketi. Sikuwa nimewafikiria kabisa. Niliona pia kwamba chuo kikifunga, mauzo yao hukauka, na kwamba ninahitaji akina mama wa nyumbani kunivusha miezi hiyo.

Pamoja na daftari, fundisha. Weka darasa la Jumamosi kwa watu wanne au watano, mahali popote penye kivuli na viti, uwatoze ada ndogo ambayo ndani yake kuna krosheti moja na donge moja. Darasa hujibu swali ambalo mauzo hayalijibu: je, katika mji huu wafumaji wapya wanaweza kuzaliwa? Katika watu ishirini na wawili waliopita kwenye madarasa yangu ya kwanza, tisa walirudi kununua uzi zaidi ya mara mbili. Wengine walifurahia alasiri yao wakaenda zao, na hilo ni la kawaida, usiwahesabu.

Mwishoni mwa siku 90 tazama namba moja kabla ya nyingine zote, nayo ni idadi ya watu walionunua mara tatu au zaidi. Mauzo ya jumla yanaweza kupandishwa na oda moja ya arusi au na huruma ya ndugu wa mwezi wa kwanza. Waliorudi mara tatu wamerudi kwa sababu wanahitaji uzi.

Hatua ya tano: linganisha namba na aina ya duka

Swali la kufungua au kutofungua huwa lina majibu zaidi ya mawili. Tuseme una shilingi 5,000,000. Ukichukua ile fremu ya 200,000, mwenye nyumba akataka miezi sita, hiyo ni 1,200,000. Dalali huchukua kodi ya mwezi mmoja, 200,000. Rafu, rangi ya ukuta na taa, 500,000. Makaratasi, 150,000. Akiba ya kukuvusha miezi miwili isiyo na mauzo, 1,200,000, na usiiguse. Kilichobaki cha kununulia mali ni shilingi 1,750,000. Lakini tumeona kwamba duka hilo linahitaji kuuza 2,000,000 kwa mwezi, yaani mali iliyonunuliwa kwa 1,400,000. Mali yako yote ingepaswa kuisha na kurudi tena ndani ya siku 38 hivi, na nyuzi hazitembei kwa kasi hiyo hata kwenye rafu iliyochaguliwa vizuri. Kwa mtaji huo, duka hilo limekwama kabla ya kufunguliwa, na mwenye nalo angedhani tatizo ni matangazo.

Sasa chukua nusu ya fremu, ukishirikiana na fundi cherehani. Sehemu yako ya pango 80,000, umeme 10,000, usafi na ulinzi 10,000, mifuko na vocha 15,000, nauli 60,000, leseni na kodi 40,000, malipo yako 85,000. Jumla 300,000. Mauzo yanayohitajika ni 1,000,000 kwa mwezi, ambayo ni manunuzi 111, au watu 56 wanaorudi mara mbili. Mali ya 1,750,000 inapata miezi miwili na nusu ya kuzunguka. Hesabu hii inapumua. Ndiyo niliyoichagua, na cherehani ya mwenzangu huniletea wateja wa nyuzi kama vile darasa langu linavyomletea yeye watu wa kupunguza magauni.

Na kama siku 90 zimekuonyesha watu kumi na watano tu wanaorudi, baki na rafu. Rafu ya mali kauli yenye faida ya shilingi 60,000 kwa mwezi bila pango ni biashara kamili, na wafumaji kumi na watano wamepata uzi ambao hawakuwa nao.

Kuhusu mkopo, msimamo wangu ni mkali. Usifungue duka la nyuzi kwa mkopo wa marejesho ya kila wiki, ile mikopo ambayo mitaani huitwa kausha damu, kwa sababu mali yako hugeuka fedha kwa miezi ilhali deni linadai kwa siku saba. Kama mko kikundi, ulizeni kwa afisa maendeleo ya jamii kuhusu mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo hugawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Fedha za VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopeshana, nazo zinafaa ikiwa wenzako wanajua kwamba utarejesha polepole.

Hatua ya sita: mkataba na makaratasi

Sehemu hii ni fupi, lakini isirukwe. Namba ya mlipakodi hutolewa na TRA, mamlaka ya mapato, bila malipo. Ukitaka kutumia jina la biashara lisilo lako mwenyewe, lisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Leseni ya biashara huombwa halmashauri kupitia mfumo wa mtandaoni wa TAUSI, na hata ukishiriki fremu na mtu mwingine, leseni yake haikufuniki wewe. Nenda TRA mwenyewe ukaeleze ukubwa halisi wa biashara yako wakati wa makadirio, ukiwa na daftari la siku 90 mkononi. Anayekwenda na namba zake huelezwa vizuri kuliko anayekwenda na maneno.

Katika mkataba wa pango angalia mambo matatu. Kwanza, mpangaji wa biashara hutakiwa kukata kodi ya zuio ya asilimia 10 kwenye pango na kuiwasilisha TRA, hivyo ieleweke wazi kama bei mliyoafikiana ni kabla au baada ya makato hayo. Kwenye pango la 200,000 ni shilingi 20,000 kila mwezi, na wapangaji wengi huishia kuzilipa wao juu ya pango lote kwa sababu hawakusema mapema. Pili, ruhusa ya kushirikisha mtu mwingine iandikwe. Tatu, omba miezi mitatu hata kama mwenye nyumba anataka sita. Akikataa umepoteza nini? Usitoe kilemba, yaani fedha ya ziada ya kupewa nafasi, kwa fremu ya nyuzi, hata pakiwa pazuri kiasi gani, maana mteja wako hukutafuta. Hahitaji kukuona akiwa anapita njiani. Duka langu liko ghorofa ya kwanza, nyuma, na wanalifikia.

Kabla ya kutia saini, kaa kwenye fremu hiyo kwa muda wa saa nne asubuhi na muda wa saa nne alasiri, kwa siku mbili tofauti. Angalia jua linapoingia, maji ya mvua yanapopita, na kama kuna mahali pa kuweka viti vinne. Bila viti hakuna darasa.

Hatua ya saba: andika uamuzi, pamoja na siku ya kufunga

Uamuzi uandikwe kwenye ukurasa mmoja na usomwe na mtu mnayeshirikiana naye maisha, mume, mke, mama au dada, yule ambaye fedha ikipotea itampotea na yeye. Ukurasa uwe na namba tatu: idadi ya watu waliorudi mara tatu katika siku 90, idadi inayohitajika na aina ya duka ulilochagua, na tofauti kati yao. Ikiwa umefikia angalau nusu ya idadi inayohitajika, na madarasa yanakuletea wapya wawili au watatu kila mwezi, mimi ningefungua. Ukiwa chini ya robo, ningebaki na rafu. Katikati ya hapo ningeongeza siku 90 nyingine, kwa sababu kusubiri hakukugharimu pango.

Chini ya ukurasa huohuo andika masharti ya kufunga, ukiwa bado na akili tulivu. Yangu yanasema hivi: mauzo yakikaa chini ya shilingi 700,000 kwa miezi mitatu mfululizo, mbali na miezi ambayo vyuo vimefungwa, nitatoa taarifa kwa mwenye fremu mwezi uleule, nitaacha kununua mzigo mpya, nyuzi zinazotembea nitazirudisha kwenye rafu ya fundi, na zilizolala nitaziuza kwa uzito kwa mafundi wa mazulia na walimu wa kazi za mikono kabla hazijapauka. Karatasi hiyo nimeibandika ndani ya mlango wa kabati la nyuzi nyeupe, mahali ninapopafungua kila siku, na kila tarehe 1 ya mwezi naandika juu yake mauzo ya mwezi uliopita kwa kalamu nyekundu.